Mtu wa msituni hanunui kwa orodha ya jirani

Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ameuliza swali ambalo nadhani wazazi wengi wanalo ila huona haya kulitamka. Mwanawe wa kidato cha tatu, likizo ikifika, hukaa mbele ya kompyuta akicheza League of Legends na wenzake wanne, na karibu kila jioni mchezo huishia kwa ugomvi. Lawama zote humwangukia yeye. "Kosa ni la mtu wa msituni," ndivyo wasemavyo. Kijana hufunga kompyuta, hufunga na mlango wa chumba, na chakula cha jioni hakiliki. Je, huko msituni kuna nini?

Nitalijibu swali hilo kwa kuzungumza na kijana mwenyewe. Mama, mwachie gazeti mezani, atalisoma.

Kwanza, kwa faida ya wasioujua mchezo huu. Ulitolewa mwaka wa 2009 na kampuni ya Riot Games ya Marekani. Timu mbili za watu watano watano hupambana, kila moja ikitaka kubomoa ngome ya nyingine. Uwanja una njia tatu, na baina ya njia hizo kuna msitu. Wachezaji wanne hushika njia. Wa tano huingia msituni akaua madude yanayoishi humo, akajipatia dhahabu, kisha akachomoka ghafla kwenda kumwokoa mwenzake aliyebanwa. Dhahabu hiyo ndiyo ya kununulia vifaa: panga, deraya, viatu na kadhalika. Na kila mchezo unapoanza upya, kila mtu huanza maskini.

Sasa, kijana, hebu tuzungumze. Katika msimu wa 2024 ulikuwa ukianza na dhahabu 500. Kinyama cha kukusaidia kuwinda kilikuwa 450, chupa ya dawa 50, mfuko ukabaki mtupu. Hapo hapana la kufikiri. Kufikiri kunaanza unaporudi nyumbani mara ya kwanza na dhahabu uliyoitolea jasho, kwa sababu kifaa kikubwa kimoja aghalabu hugharimu karibu 3,000, na mtu wa msituni si tajiri. Ukikosea kifaa cha kwanza, dakika nyingi zitapita kabla hujapata fedha za kujisahihisha, na muda huo wote wenzako wanne watakuwa wakipigwa.

Lakini vijana wengi hufanyaje? Humtazama mchezaji hodari kwenye YouTube, wakainakili orodha yake kama ilivyo, wakaingia nayo dukani kama mtoto aliyetumwa sukari na chumvi. Husahau kwamba yule bwana alinunua vile kwa kuwa siku ile alikabiliana na watu fulani. Wewe leo unakabiliana na wengine kabisa.

Tumchukue Amumu, yule mumiani mdogo mwenye huzuni, ambaye wengi huanza naye. Kazi yake ni kujitupa katikati ya maadui na kuwafunga wote kwa muda mfupi ili wenzake wawamalize. Akifa kabla ya kuwafunga, amekwenda bure. Kwa hiyo anahitaji kinga. Lakini kinga gani? Mapigo ya mchezo huu ni ya namna mbili kuu, ya silaha na ya uchawi. Deraya huzuia silaha. Kinga ya uchawi, tuiite hirizi, huzuia uchawi. Deraya haizuii uchawi hata chembe, wala hirizi haizuii upanga.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukiwa na deraya ya 100, pigo la silaha la 300 hukufikia likiwa 150. Ukiifikisha 200, pigo lile lile hukufikia likiwa 100. Zile 100 za mwanzo zimekuokolea 150, na zile za pili 50 tu. Sasa fikiria kwamba timu ya pili ina wachawi watatu, nawe umejaza begi deraya kwa sababu ndivyo orodha ilivyosema. Wachawi hao watakuchoma kama kuni kavu, na wenzako watauliza, kwa haki kabisa, fedha zako zilikwenda wapi.

Dawa yake ipo kwenye kidole chako. Kila unaporudi nyumbani, kabla ya kugusa duka, bonyeza Tab. Utaona maadui wote watano, vifaa walivyonavyo na ni nani ameua wengi. Usimnunulie kinga adui aliyelala. Mnunulie yule anayewasumbua. Ikiwa anayewamaliza ni mpiga risasi, viatu vya Plated Steelcaps vitapunguza makali ya risasi zake. Ikiwa ni wachawi wanaowagandisha mahali pamoja, chukua Mercury's Treads, vyenye hirizi ndani yake na vinavyofupisha muda wa kufungwa. Mimi naona viatu ndivyo hupuuzwa kuliko kifaa chochote, labda kwa sababu havina fahari.

Kuna na wale wanaojiponya huku wakipigana, kama Warwick na Aatrox. Mpige utakavyo, damu inarudi. Wengi hudhani dawa ni kununua upanga mkubwa zaidi. Lakini wapi! Dukani kuna vifaa vya kupunguza uponyaji huo. Mwenye kuvumilia mapigo huanza na Bramble Vest, wa silaha Executioner's Calling, na mchawi Oblivion Orb. Katika msimu huo wa 2024 kila kimoja kilikuwa dhahabu 800. Kimoja kati yenu akiwa nacho mapema, vita hubadilika. Ulizeni kwanza nani anakinunua, msije mkakinunua wote watano.

Jambo jingine. Usingoje mpaka ufikishe 3,000 ndipo ununue. Vifaa vikubwa huundwa kwa vipande, na kipande kimoja mwilini leo ni bora kuliko dhahabu iliyolala mfukoni ukiuawa nayo njiani. Rudi, nunua kipande, nenda ukafanye kazi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeona vijana wakicheza na Master Yi, yule mwenye upanga, wakaua wanne dakika za mwanzo, wakaanza kurundika vifaa vya kuua tu. Wapinzani si wajinga. Nao hubonyeza Tab. Wakisha kuona nani tishio, wote watano humngoja yeye, na mtu asiye na kinga yoyote hufa kabla hajamfikia mtu.

Na kabla ya yote hayo, mtazame mwenzako. Ikiwa wanne walio njiani wote wamechagua mashujaa wa kushambulia, basi hata kama roho yako yapenda upanga, atakayetangulia mbele na ngao ni wewe. Waambie mapema, kwa maneno machache: "Naanza na hirizi, mchawi wao anatuzidi." Mwenzako akijua ulichonunua na sababu yake, hawezi kudai ulikuwa umelala msituni. Nusu ya matusi ninayosimuliwa hutokana na watu watano kununua kimya kimya, kila mmoja kivyake.

Nawe mama, ujue kwamba mchezo mmoja huchukua kama nusu saa, wala hauwezi kusimamishwa katikati. Anayeondoka huwaacha wenzake wanne dhidi ya watano, na huadhibiwa. Ukitaka kumtuma dukani, mtume kabla hajabonyeza cha kuanzia. Akisha kuanza, epua sufuria, funika, umngoje.