Cheti cha kandarasi si kitu cha kukodisha

Yeyote apitaye mjini Ogembo, makao makuu ya iliyokuwa Wilaya ya Gucha, hakosi kuona jinsi majengo ya orofa yanavyoinuka kwenye miteremko iliyozoea migomba na majani chai. Ardhi ya Kisii ni haba, na mwenye ploti hana pa kupanukia ila juu. Hatuna kinyongo na maendeleo hayo. Hata hivyo, wakazi wana haki ya kuuliza ni nani hasa anayejenga.

Kisheria, jibu ni rahisi. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka wa 2011 inamkataza mwanakandarasi kufanya kazi bila kusajiliwa na kuwa na leseni, ambayo hutolewa upya kila mwaka. Madaraja ya herufi A hadi H, yaliyotumiwa zamani na wizara ya ujenzi, yaliyapisha madaraja manane ya tarakimu. Chini ya kanuni za 2014, aliye katika daraja la 8 aliruhusiwa kandarasi ya jengo isiyozidi Sh10 milioni. Wa daraja la 7, Sh20 milioni. Wa la 6, Sh50 milioni. Na kuendelea hadi daraja la kwanza, lisilo na kikomo. Hutazamwa elimu ya wakurugenzi, kazi walizokwisha kutekeleza, mitambo na uwezo wao wa kifedha.

Mpango huo ni mzuri, lakini unapima kampuni ilhali ukuta hujengwa kwa mikono. Mwenye kampuni aweza kushinda zabuni ya darasa au zahanati kwa nguvu ya cheti chake, kisha akaikabidhi kazi kwa mtu asiye na daraja lolote, naye akabaki kupokea fungu lake. Wapo pia wanaokodisha cheti chenyewe, kana kwamba ni toroli. Kazi ikifika mkono wa tatu, pesa zilizosalia hazitoshi. Hapo ndipo saruji inapopunguzwa, vyuma vinapokuwa vyembamba, na nguzo kufunguliwa mbao kabla hazijakomaa.

Tusisahau yaliyotukia Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016. Jengo la orofa sita kando ya mto liliporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hatari. Madaraja ya wanakandarasi yalikuwapo wakati huo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema basi. Ogembo nayo ina mvua nyingi, miteremko mikali na Mto Gucha.

Lawama isimwangukie fundi. Huyu alijifunza kazi kwa mjomba wake, akachanganya kokoto tangu ujana, na nyumba alizojenga vijijini zimesimama. (Sheria yenyewe haiisumbui nyumba ya makazi ya mtu binafsi isiyohitaji mchoro wa mhandisi, na hilo ni busara.) Taabu huanza anapoitwa kupandisha orofa ya nne bila mtu wa kumwelekeza. Mamlaka hiyo imepewa pia jukumu la kuwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa kazi. Mitihani ya ufundi ya serikali, ya gredi ya III hadi I, nayo ipo. Inafaa mitihani hiyo isogezwe hadi kwenye vyuo vya ufundi vya Gucha, kwa ada ambayo mtu anayelipwa kwa siku anaweza kuimudu, ili mwenye ujuzi apate njia halali ya kupanda.

Kwa upande wake, serikali ya kaunti isiidhinishe ramani ya orofa bila jina la msimamizi atakayekuwapo kazini, wala isiruhusu zege kumwagwa kabla mkaguzi hajaona msingi na vyuma. Afikapo, asitosheke kusoma ubao wa mradi. Awaulize mafundi walio jukwaani ni nani anayewalipa. Wakitaja jina lisilo kwenye leseni, kazi isimamishwe siku hiyo hiyo.