Neno la Mhariri: Julai Ina Wenyewe

Kila viongozi wa raga duniani wanapokutana, wimbo ni uleule: ratiba imejaa, wachezaji wamechoka, klabu na timu za taifa zinanyang'anyana watu walewale. Ni kweli. Kinachoudhi ni kusikia wimbo huo ukiimbwa kana kwamba ni wa mchezo mzima. Hakuna kocha wa Kampala wala Harare anayekosa usingizi kwa sababu timu yake ya taifa ina mechi nyingi kupita kiasi.

Toleo hili lilikusudiwa kuwa la msongamano. Makala zilipoanza kuingia, zile za huku kwetu karibu zote zilizungumzia kalenda tupu. Mwanzoni ilionekana waandishi wametoka nje ya mada. Baadaye ikawa wazi kwamba mada ni moja: ratiba iliyojaa Dublin ndiyo iliyoiacha Nairobi bila mechi, na zote mbili zilipitishwa kwa kura za meza moja.

Afrika Kusini ni mfano mzuri wa shibe inayoumiza. Tangu 2021 klabu zake kuu zinacheza ligi moja na za Ireland, Wales, Uskoti na Italia, ligi inayoanza Septemba na kumalizika Juni. Timu ya taifa nayo bado inafuata majira ya kizio cha kusini: Julai, Agosti, Septemba, kisha safari ya Ulaya Novemba. Mchezaji wa Stormers au Bulls anayeitwa Springboks anajikuta na misimu miwili ndani ya mwaka mmoja, na mapumziko yake hutegemea huruma ya makocha.

Mwaka 2026 mzigo umeongezwa. Mashindano ya Mataifa Sita yamepunguziwa wikendi moja ya kupumzika. Julai na Novemba zimekabidhiwa mashindano mapya, Ubingwa wa Mataifa, ambayo fainali zake zimepangwa London mwishoni mwa Novemba. Katikati ya hayo kuna ziara ya All Blacks wa New Zealand nchini Afrika Kusini, mechi nane: nne dhidi ya klabu, tatu dhidi ya Springboks katika viwanja vya nyumbani, na ya nne dhidi yao huko Baltimore, Marekani. Ili ziara hiyo ipate nafasi, mashindano ya mataifa manne ya kusini yamewekwa kando mwaka huo. Uhasama mkubwa kuliko wote katika raga, kama wauza tiketi wanavyouita, umetafutiwa dakika 80 mbali na nchi zote mbili.

Na pale nafasi inapokosekana kabisa, hutengenezwa. Tarehe 29 Novemba 2025 Wales iliialika Afrika Kusini nje ya dirisha rasmi la mechi za kimataifa, wakati ambapo klabu za Uingereza na Ufaransa hazilazimiki kuwaachia wachezaji. Wenyeji walifungwa 73-0. Ile haikuwa mechi ya kupima chochote. Yalikuwa mauzo.

Kuhusu gharama ya mauzo hayo kwa mwili wa binadamu, daktari wetu anaanzia kwa Steve Thompson, bingwa wa dunia wa 2003 aliyesema hadharani kwamba hakumbuki kuishinda fainali ile. Makala yake haihitaji kuongezewa neno.

Inayohitaji neno ni kura. Oktoba 24, 2023, siku nne kabla ya fainali ya Kombe la Dunia, Baraza la World Rugby lilikaa Paris likapitisha Ubingwa wa Mataifa wenye timu 12: sita za Ulaya, nne za kusini, pamoja na Fiji na Japani. Waliobaki wakatengewa daraja la pili. Kupanda na kushuka? Subirini 2030. Julai na Novemba ndiyo miezi ambayo timu za kaskazini na za kusini hukutana. Ukishaigawa kwa wanachama 12, asiye mwanachama hana wa kucheza naye hata akiwa na uwanja, mashabiki na fedha za tiketi za ndege. Mwaka 2019 wazo la namna hiyo lilikuwa na dhamana ya kampuni ya Infront ya takriban pauni bilioni 5 kwa miaka 12, na bado likafa mwezi Juni, kwa sababu vyama kadhaa havikutaka hata kusikia habari ya kushushwa daraja. Safari hii somo lilikuwa limeeleweka: kushushwa daraja kukasogezwa mbele hadi pasipomtisha mtu.

Georgia hutajwa kila mara katika mjadala huu, na hapa itatajwa tena. Mwaka 2022 iliifunga Italia mjini Batumi mwezi Julai, kisha ikaifunga Wales 13-12 mjini Cardiff mwezi Novemba. Zawadi yake ni daraja la pili. Italia, kwa upande wake, ilipoteza mechi 36 mfululizo za Mataifa Sita kati ya 2015 na 2022, na mmoja wa waandishi wa toleo hili anaitumia takwimu hiyo kudai kwamba ifukuzwe. Anakosea. Italia iliendelea kupewa mechi zake tano kila mwaka, ikafungwa, ikajifunza, na mwaka 2024 ikazifunga Uskoti na Wales na kutoka sare na Ufaransa. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba timu hukuzwa kwa mechi. Dhuluma ni kwamba uvumilivu wa aina hiyo umetolewa kwa mwanachama mmoja.

Namibia haikuupata. Ilikwenda Kombe la Dunia mara saba mfululizo, 1999 hadi 2023, bila kushinda mechi hata moja. Australia iliifunga 142-0 mwaka 2003; Ufaransa ikaifunga 96-0 miaka 20 baadaye. Kila baada ya matokeo kama hayo huulizwa kama Afrika inastahili nafasi ya pili. Haiulizwi Namibia ilicheza na nani katika miaka minne iliyotangulia.

Kenya inaijua njia ya kwenda Kombe la Dunia kwa machungu yake. Antananarivo, 2014: ilihitaji tu kuifunga Zimbabwe, ikafungwa 28-10, na tiketi ikaenda Namibia kwa tofauti ya pointi. Marseille, 2018: mchujo wa mwisho, ikapoteza mechi zote tatu dhidi ya Kanada, Hong Kong na Ujerumani. Mwaka 2022 ilifika fainali ya Kombe la Afrika ikanyukwa 36-0 na Namibia, na fainali hiyo ya Afrika ilichezwa Aix-en-Provence, Ufaransa. Wanaodhani lile lilikuwa jambo la mara moja tu waitazame Fiji. Iliifunga Uingereza 30-22 pale Twickenham mwaka 2023, na imepangiwa kuwa mwenyeji wa Uingereza hiyohiyo Julai 2026, mjini Liverpool.

Ndiyo maana Kampala ilikuwa na uzito. Julai 2025 Kombe la Afrika lilichezwa Namboole, Zimbabwe ikaitoa Kenya katika nusu fainali, kisha tarehe 19 ikaifunga Namibia 30-28 na kurejea Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Mwandishi wetu wa Kampala ameisimulia fainali ile vizuri kuliko inavyoweza kufupishwa hapa.

Raga ya wachezaji saba imepewa kurasa chache, na ni kwa makusudi. Ubingwa wa Singapore wa 2016, Kenya ilipoizaba Fiji 30-7, umeshaandikwa vya kutosha, na umetumika kwa muda mrefu mno kama kisingizio cha kuisahau timu ya wachezaji 15. Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, walishuka daraja katika mfululizo wa dunia 2023, wakapanda 2024, wakashuka tena 2025, msimu uliofuata mfululizo wenyewe ukapunguzwa kutoka timu 12 hadi nane. Huko nako milango inafungwa. Kuhusu R360, ligi ya waasi iliyoahirishwa hadi 2028, kuna ukurasa mmoja, nao unatosha.

Yanabaki mambo ya hesabu. Katika Baraza la World Rugby vyama vikubwa, Afrika Kusini kikiwemo, vina kura tatu kila kimoja. Rugby Africa, chini ya Herbert Mensah wa Ghana, ina kura mbili kwa niaba ya bara. Ni chache, na malalamiko kuhusu uchache huo yamechapishwa humu mara nyingi. Lakini Novemba 2024 Brett Robinson wa Australia alichaguliwa mwenyekiti kwa kura 27 dhidi ya 25 za Andrea Rinaldo wa Italia, baada ya Abdelatif Benazzi, mzaliwa wa Oujda aliyesimama kwa tiketi ya Ufaransa, kutolewa katika raundi ya kwanza. Kama kura za Afrika zilikuwa upande wa mshindi, zilitosha kuugeuza uchaguzi.

Basi badala ya kura hizo kiliombwa nini? Bei ya haki si kubwa: timu moja kati ya zile 12 ije Nairobi, Kampala au Harare kila Julai, na icheze hapo, si Marseille. Jibu litakalotolewa ni kwamba dirisha limejaa. Kalenda nayo ilikuwa imejaa hadi Baltimore ilipohitajika. Afrika Kusini, yenye kura tatu na iliyoipokea Kenya katika First Division ya mashindano yake ya Currie Cup mwaka 2022, inaweza kuwa ya kwanza kuulizwa. Uchaguzi ujao wa mwenyekiti ni 2028, mwaka uleule wa awamu ya pili ya Ubingwa wa Mataifa, na Rugby Africa ina muda wa kutosha wa kutaja mbele ya wanachama wake mechi inazozitaka, kabla mgombea wa kwanza hajapiga hodi.