Samaki wa Rangi Hawana Mwenyewe?



Katika vijiji vya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika tunasikia ikisemwa kwamba samaki wadogo wa mawe si chakula, kwa hiyo hawana mwenyewe. Kwa neno hilo ndugu zenu wanaingizwa katika mitumbwi ya wakusanyaji wa samaki wa mapambo, wale wanaosafirishwa wakiwa hai hadi ng'ambo ili waogelee ndani ya matangi ya kioo sebuleni. Sisi tunalipinga neno hilo, na tunaomba mtusikilize hadi mwisho kabla ya kutuita maadui wa riziki yenu.

Kwanza tufahamu ni nini kinachochukuliwa. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa letu lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika muda huo mrefu zimetokea humo aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na perege, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kati yao wamo wale ambao wataalamu huwaita Tropheus. Hao huishi kwenye mawe ya ufukweni na kula mwani unaoota juu yake. Hawathubutu kuvuka mchanga mpana wala maji ya kina. Ndiyo maana kila mwambao wa mawe una kundi lake lenye rangi yake. Jike huatamia mayai kinywani karibu mwezi mzima, na mayai hayo ni machache, mara nyingi hayafiki ishirini. Ndagala hutaga kwa maelfu na husafiri mbali. Samaki wa mawe sivyo. Ukilimaliza kundi la jabali moja, jabali la jirani halitakukopesha lingine.

Biashara hii ilishamiri katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hao kutoka Burundi. Leo watunza samaki wa Ulaya na Marekani huwatambua kwa majina ya vijiji vyetu: Moba, Kapampa, Kiriza, Moliro. Jina la kijiji ndilo linalompa mnunuzi hakika ya rangi anayoitaka. Basi jina la kijiji linauzwa, na wazee wa kijiji hawajui hata kwamba lina bei.

Wanaotetea kazi hii wana hoja tatu, nasi tuzipime kwa haki.

Wanasema: kazi yetu ni ndogo, ni mtumbwi, wavu na ndoo, wanaoliharibu ziwa ni wenye makokoro na vyandarua, na udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti. Hilo ni kweli, wala hatutasema uongo ili tushinde mabishano. Lakini kosa kubwa la jirani halitakasi kosa dogo la kwetu. Tena kundi ambalo mwani wake umekwisha kufunikwa na matope ndilo lisiloweza kumvumilia mkusanyaji.

Wanasema: inaleta fedha. Tunauliza: kwa nani? Kijana mmoja wa kikundi chetu alitueleza kwamba analipwa kwa samaki aliye hai tu. Anayekufa ndooni ni hasara yake yeye. Samaki anayetolewa kilindini kwa haraka huvimba kibofu chake cha hewa, kwa hiyo hupandishwa kwa vituo, pengine kwa siku kadhaa. Mwanadamu naye ana hatari yake: mzamiaji anayevuta hewa iliyobanwa kilindini kisha akapanda upesi, gesi hufanya mapovu mwilini mwake, viungo humuuma, miguu huweza kupooza, na wengine hufa. Samaki hupandishwa polepole kwa kuwa ana bei. Kijana yule alituambia kwamba yeye hupanda upesi, kwa kuwa mtumbwi unangoja.

Wanasema tena: matajiri wa ng'ambo wanawazalisha samaki hawa na kuwaokoa wasipotee. Ni kweli kwamba wengi huzaana vema ndani ya kioo. Lakini kama wanazaana huko, mbona mitumbwi bado inarudi kuchukua wengine huku? Na ni mzao gani wa tangini aliyerudishwa kwenye jabali alikotolewa mama yake?

Hatumkatazi mtu kutafuta riziki. Mwaka 2003 nchi yetu ilitia sahihi, pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia, mkataba wa kulitunza ziwa hili, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote, karibu asilimia 45, iko kwetu. Kwa hiyo tunadai mambo haya: kijiji kiarifiwe na kipate sehemu yake, hesabu ya samaki iandikwe, majabali mengine yaachwe yapumzike, jike mwenye mayai kinywani arudishwe majini, wala mtu asizamishwe bila mafunzo na vyombo salama. Mnunuzi akiyakataa hayo, kijana naye aikatae kazi yake.

Sisi makatekista tunawafundisha watoto kwamba kila kiumbe ni mali ya Mungu, na kwamba binadamu amekabidhiwa kulinda. Anayesema kwamba samaki hawana mwenyewe amelikana fundisho lote kwa maneno matatu. Wana mwenyewe, nasi tutatoa hesabu mbele yake.

Ya kujadili katika vikundi:
1. Katika kijiji chetu, nani anajua ni samaki wangapi walitolewa mwaka huu?
2. Kijana anayezamia akiumia, nani atamtunza?
3. Ni kazi gani nyingine tunayoweza kuianzisha pamoja, ili ndugu yetu asilazimike kupanda mtumbwi ule?