KUSHIKA SIRI SI KOSA LA KUMNYIMA KARANI KADI

Ndugu wafanyakazi,

Mabwana wengi wa kazi wana neno moja. Karani akitaka kadi ya chama huambiwa: "Wewe washika siri, huwezi kuwa mwanachama." Mpiga taipu huambiwa hivyo, mwandika mishahara huambiwa hivyo, hata tarishi abebaye barua zilizofungwa! Hatukubali.

Mapatano yetu na waajiri, yaliyotokana na Mkataba wa Uhusiano Kazini wa 1962, huwaacha nje wakubwa wa kampuni na makatibu wao binafsi. Wengine wenye kazi za siri huachwa nje pande mbili zikipatana, si kwa amri ya bwana peke yake. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama.

Lakini tuambiane kweli. Wako makarani wachache wanaompa bwana silaha. Mwenzetu mmoja alipeleka cheti cha daktari ofisini asubuhi. Kufika saa sita ugonjwa wake ulikuwa ukizungumzwa katika foleni ya chakula. Aliyeumizwa hapo si bwana, ni mfanyakazi. Ugonjwa wa mtu, deni lake, barua yake ya onyo, yote ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo yazilinda habari hizo.

Wengine husema: "Karani wetu atuibie faili za bwana kabla ya mazungumzo." Twasema hapana! Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohitajika kwa mazungumzo, nacho chama kizitunze kwa siri. Kwa nini tuibe kilicho haki yetu? Faili ikiibwa, karani hufukuzwa, na chama huaibika mezani.

Wala siri isiwe pazia la dhuluma. Mshahara ukikatwa fedha za NSSF na fedha hizo zisifike, hiyo si siri ya ofisi. Mwenye mshahara ana haki ya kuuliza na kujibiwa, na chama kitauliza pamoja naye.

Ndugu karani, funga kabati, funga mdomo, kisha njoo uchukue kadi yako. Bwana akikuzuia, tuite.

UMOJA NI NGUVU.