Ujuzi uliopewa bure una deni



Usiku mmoja hapa Endulen niliona taa ya ofisi ya parokia ikiwaka saa nne. Ndani alikuwamo kijana wa kwaya, ameinamia kompyuta mpakato kuukuu. Kwenye kioo kulikuwa na katuni ya mtu anayetembea. Nilimkemea. Nilimwambia umeme wa jua tunautunza kwa ajili ya kazi, hatuna wa kuchezea. Akasema, "Nisamehe, Baba," akaanza kufunga. Ndipo nikaona yule mtu alikuwa anatembea wapi, nikamwambia aketi.

Alikuwa anatembea juu ya nyayo za Laetoli.

Laetoli ni jirani yetu. Nyayo zile, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Zilifukiwa tena ili zisiharibike, hivyo hata sisi majirani hatuendi kuzitazama tunapotaka. Watafiti waliotangaza nyayo nyingine za hapo mwaka 2016, akiwamo Profesa Fidelis Masao, walizipiga picha kwa vipimo na kuziunda upya ndani ya kompyuta. Kijana wetu naye alitaka kuunda zake, kisha amfanye mwenye nyayo atembee tena.

Mwanzoni mtu wake alikuwa anateleza kama aliyekanyaga tope. Akawaandikia watu asiowajua, wanaotumia programu ileile anayoitumia yeye, iitwayo Blender, akawatumia kazi yake waione. Mmoja wao, wa nchi ya mbali, alimweleza kwa subira: kabla mguu mmoja haujainuka, uzito wa mwili sharti uhamie mguu wa pili, na unyayo uliokanyaga chini usisogee hata kidogo mpaka mwili uupite. Hakudai hata senti. Gharama ya kijana ilikuwa bando tu. Kamusi ya Kiingereza aliiazima kwangu, nami sikuwahi kumuuliza ya nini.

Programu yenyewe ina historia inayofaa kusikika kanisani. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilifungwa. Ton Roosendaal, Mholanzi aliyeianzisha, aliwaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili iwe mali ya wote. Fedha hizo zilipatikana ndani ya wiki saba. Tangu hapo yeyote anaichukua bila malipo, awe na ofisi Ulaya au awe anachunga ng'ombe Endulen. Mwaka 2025 filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa programu hiyo na kuongozwa na kijana wa Latvia, ilipata tuzo ya Oscar.

Usiku ule nililala nikijihoji. Watu wasiomjua kijana huyu, na pengine wengine hawasali kabisa, walimpa ujuzi wao bila kumuuliza dini wala kabila. Mimi niliye baba yake wa kiroho nilimpa karipio.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 10, Bwana anawatuma wanafunzi wake akiwakumbusha kwamba walichonacho walikipokea bila kulipa, hivyo wakitoe vivyo hivyo. Sisi tunaisikia Injili hiyo, kisha Jumatatu fundi cherehani anamgeuzia mwanafunzi wake mgongo anapokata shingo ya gauni. Fundi wa pikipiki anamtuma kijana dukani wakati ule ule wa kufungua injini. Tunaogopa kwamba mwanafunzi akijua, atatunyang'anya wateja.

Hofu hiyo siidharau, maana fundi ana watoto wa kulisha, na Bwana huyohuyo alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Lipwa gauni uliloshona. Lipwa injini uliyoitengeneza. Lakini maarifa yaliyomo mikononi mwako uliyapokea kwa mtu, naye kwa mwingine, na ukifa nayo umeyazika kama yule mtumishi aliyeifukia talanta ya bwana wake.

Wazazi wataniuliza: je, intaneti haina uchafu? Inao, na utapeli pia. Ndiyo maana siku hizi naketi na kijana wangu na kumuuliza anajifunza nini na kwa nani. Kumkemea mtoto bila kutazama anachofanya ni kumwacha peke yake humo humo tunamoogopa.

Kuna jambo moja wataalamu waliliona Laetoli. Katika njia mojawapo, mtu mmoja alipita akikanyaga ndani ya nyayo za aliyemtangulia. Kila mwanafunzi hufanya hivyo. Lakini hawezi kukanyaga pale ambapo aliyetangulia amefuta nyayo zake.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Wiki hii kila fundi, mwalimu, muuguzi na mkulima katika jumuiya zetu ndogondogo amchague kijana mmoja, amwonyeshe ile hatua ambayo kwa kawaida huificha. Mimi nimeanza. Kijana wa kwaya sasa ana ufunguo wa ofisi kwa jioni mbili kila wiki, kwa sharti kwamba asije peke yake. Wiki iliyopita alikuja na wasichana wawili. Nilipochungulia, mmoja alikuwa anahangaika na mtu anayeteleza, naye anamweleza taratibu habari za uzito na mguu wa pili.

Nikawaachia taa.

Nawatakia Dominika njema.