Ukoma wa Sokwe Utufunze

Mwaka 2021 wataalamu walitangaza jambo lililowashangaza wengi: ukoma, maradhi tuliyozoea kuyahesabu kuwa ya binadamu, umeonekana kwa sokwe wa mwituni katika hifadhi ya Cantanhez, nchini Guinea-Bissau, na ile ya Taï, nchini Côte d'Ivoire. Sokwe wa Afrika Magharibi wamo katika hatari kubwa ya kutoweka. Maradhi haya ni mzigo juu ya mzigo.

Ni rahisi kumnyoshea kidole mwanakijiji wa jirani. Lakini bakteria wa ukoma hawaoteshwi maabarani kama wengine. Kwa hiyo wataalamu walitwaa vinyesi vya sokwe na nyama ya mzoga iliyohifadhiwa, wakasoma jenomu ya bakteria hao, yaani maandishi yote ya urithi wao, yapatayo herufi milioni 3. Ikadhihirika kwamba wa Cantanhez ni wa ukoo mmoja na wa Taï ni wa ukoo mwingine, na koo zote mbili ni adimu kwa binadamu. Hapo uvumi ulikomeshwa na ushahidi: jirani hakupatikana na hatia.

Somo hilo latuhusu. Sokwe wetu wa Gombe na Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nao wamo hatarini, na hukaribiana na watu kila siku. Maradhi yakizuka, anayechelewa kuyatambua huchelewa kuyazuia, na huku nyuma lawama huwaangukia wanyonge.

Mwezi Septemba 1961, kule Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba nchi hii itawatunza wanyama wake kwa ajili ya vizazi vijavyo, akaomba mataifa mengine yatusaidie kwa wataalamu na fedha. Wakati ule hatukuwa na njia nyingine. Leo tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na tunayo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, Arusha.

Kwa hiyo tunasema: vyombo hivyo viimarishwe kwa mitambo, fedha na vijana waliofunzwa, ili vijidudu vya wanyama wetu visomwe hapa nyumbani, na wageni waje kama washirika. Nao wananchi wakumbuke kwamba ukoma unatibika, na dawa yake hutolewa bure. Kumtibu binadamu mapema na kumlinda mnyama ni kazi moja. Ahadi ya 1961 ilikuwa yetu. Kuitimiza ni juu yetu.