Mbwa Akifa kwa Dozi, Mwenyewe Aanzie Wapi?

Mbwa akifa muda mfupi baada ya kuchomwa sindano, hasira humtuma mwenyewe mahakamani. Njia hiyo ipo, lakini malipo yake ni haba. Anayetaka kosa lisijirudie kwa jirani yake aanzie Baraza la Veterinari la Tanzania, tena akiwa na ushahidi mkononi.

Kosa la kuzidisha dozi ni rahisi kutendeka. Berenil, dawa ya nagana inayojulikana kwa wafugaji wengi wa Dodoma, ni unga wa njano. Pakiti ya gramu 2.36 huchanganywa na maji mililita 12.5, ikatosha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa kilo 24 anahitaji mililita 1 tu. Aliyezoea ng'ombe, akikadiria uzito kwa macho, huzidisha kwa urahisi, na dawa hii ikizidi humdhuru mbwa ubongo.

Mahakamani, mbwa ni mali. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe na miaka 6 kwa madai ya mkataba. Mdai athibitishe kwamba mtaalamu hakufikia kiwango cha taaluma yake, na kwamba kosa hilo ndilo lililoua. Akishinda, kipimo cha fidia ni thamani ya mali iliyopotea. Na mbwa wa kienyeji, hata awe mlinzi hodari namna gani, atauzwa shilingi ngapi? Ugumu huu si wetu peke yetu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Texas, Marekani, ilikataa kuwafidia wenye mbwa aliyeuawa kimakosa kwa kigezo cha mapenzi waliyokuwa nayo kwake.

Baraza halitazami bei. Chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003 linasajili wataalamu na kuwachukulia hatua za kinidhamu, hadi kuwafuta kwenye daftari. Aliyetibu bila usajili ametenda kosa, na huyo ni wa polisi. Dawa yenyewe ikishukiwa kuwa mbovu au bandia, taarifa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Wapo watakaosema Baraza halilipi fidia, tena ni wataalamu wanaohukumiana wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli halilipi. Lakini uamuzi wake dhidi ya mtaalamu humpa mlalamikaji nguvu mezani pa suluhu, na hulinda wanyama ambao bado hawajachomwa. Wengine wanahofia kwamba malalamiko yatawakimbiza maafisa mifugo vijijini, ambako wenyewe ni wachache. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kosa la kibinadamu lisichukuliwe kama ukatili. Anayepima na kuandika hana cha kuogopa. Karatasi humlinda yeye kwanza.

Kwa hiyo mzoga usizikwe haraka. Uwekwe mahali pa baridi bila kugandishwa, upasuliwe na daktari mwingine wa mifugo, naye aandike ripoti. Chupa au pakiti yenye namba ya toleo isitupwe, wala risiti na ujumbe wa simu.

Baraza nalo liwabane wote wanaochoma sindano waache kwa mwenye mnyama karatasi yenye uzito, jina la dawa, dozi na saini. Bila karatasi hiyo, shauri lolote litabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule.